Ustadi Kabla ya Huruma: Kujenga Taaluma ya Ualimu wa Elimu Maalumu Mbeya na Iringa

Mada kwa semina ya walimu tarajali na walimu wa shule za msingi, Nyanda za Juu Kusini

1. Utangulizi



Ukimwuliza kijana kwa nini anataka kusomea elimu maalumu, mara nyingi atakujibu kwamba anawahurumia watoto wenye ulemavu. Jibu hilo si baya, ila halitoshi. Mtoto asiyeona anamhitaji mwalimu anayejua nukta nundu, na mtoto kiziwi anamhitaji anayejua lugha ya alama. Huruma bila ustadi humkalisha mtoto dawati la mbele, ikampigia makofi, kisha ikamwacha amalize shule ya msingi hajui kusoma.

Hoja yangu ni hii: anayeingia katika fani hii achague eneo moja, alimudu barabara, tena alimudu kwa mazingira ya huku kwetu.

2. Tulikotoka

Shule ya kwanza ya wasioona nchini, Buigiri mkoani Dodoma, ilianzishwa mwaka 1950 na Kanisa la Anglikana. Kwa miongo mingi huo ndio uliokuwa utaratibu: shule za bweni, nyingi zikiwa za madhehebu ya dini, na mtoto kusafirishwa mbali na kwao. Hata leo, jirani zetu Njombe, shule ya viziwi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) hupokea watoto kutoka nje ya wilaya yake.

Mwelekeo umebadilika. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikatungwa mwaka 2010, kisha ukaja Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2018–2021 na ule wa 2021/22–2025/26. Sasa lengo ni mtoto asome karibu na nyumbani. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu. Kwa hiyo mwalimu wa fani hii hawezi tena kukaa kituo kimoja akingoja kuletewa wanafunzi, kwa sababu wanafunzi wake wako katika kila kata.

3. Njia za masomo

Chuo cha serikali kinachojulikana zaidi kwa fani hii ni Patandi, Tengeru, mkoani Arusha. Kwa kijana wa Kyela au Mafinga hiyo ni safari ndefu, na nauli yake ni ya kupangia mapema. Wanaotaka shahada hutazama Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwalimu aliyeko kazini anaweza kusoma kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye vituo vya mikoa, bila kuacha darasa lake.

Kabla ya kujaza fomu, nenda ukakae katika kitengo cha elimu maalumu kilicho karibu nawe. Tazama mwalimu anavyomfundisha mtoto mwenye ulemavu wa akili kufunga vifungo vya shati, siku baada ya siku, hadi aweze mwenyewe. Mwingine atagundua hapo kwamba subira yake ni ya watoto wenye usonji, na mwingine kwamba mikono yake ni myepesi kwa alama.

4. Kazi yenyewe katika mazingira yetu

Mengi ya nitakayoyataja hapa hayamo katika vitabu vya chuo.

Kwanza, baridi. Mwezi Juni na Julai, asubuhi ya Mufindi au Uyole, vidole vya mtoto hufa ganzi. Anayesoma kwa macho hatapata shida kubwa, lakini anayesoma nukta nundu anasoma kwa ncha za vidole hivyo hivyo. Mwalimu asiyelijua hilo atasema mtoto ni mzito. Anayelijua ataanza na masimulizi au hesabu za kichwa, atamwachia mtoto apashe mikono, na atahamishia usomaji saa nne jua likishapanda.

Pili, mvua. Rungwe hunyesha sana, na madarasa yetu ni ya bati lisilo na dari. Mvua ikianza, mtoto mwenye usikivu hafifu hubaki gizani hata kama ana kifaa cha kusaidia kusikia, maana kifaa hukuza na kelele za bati. Hapo mwalimu huhamia ubaoni, kwenye picha na ishara, na huhakikisha uso wake unaonekana anapozungumza.

Tatu, jua. Kadiri nchi inavyoinuka ndivyo mionzi inavyokuwa mikali, na ubaridi humdanganya mtu akajiona salama. Mtoto mwenye ualbino anahitaji kofia pana na mikono mirefu hata siku ya mawingu, na kiti kisichotazama dirisha. Wengi wao wana uoni hafifu, hivyo wanahitaji maandishi yaliyokuzwa.

Nne, lugha. Mtoto kiziwi wa kijijini huja shuleni na alama alizobuni na mama yake, huku nyumbani wengine wakizungumza Kinyakyusa, Kisafwa au Kihehe. Mwalimu huanza na alama hizo za nyumbani, akamvusha hadi Lugha ya Alama ya Tanzania, kisha Kiswahili cha maandishi. Asipomfundisha mzazi pia, mtoto hurudi likizo asiwe na mtu wa kuzungumza naye.

5. Ajira na kukua kikazi

Walio wengi huajiriwa na serikali na kupangwa katika halmashauri. Hatari iliyopo inajulikana: mtaalamu hupangiwa vipindi vya kawaida tangu asubuhi hadi jioni, na miaka miwili baadaye ameshasahau mashine ya nukta nundu inavyopigwa. Ustadi usiotumika huota kutu.

Kuna nafasi nje ya darasa pia: upimaji na ubainishaji wa watoto, ukalimani wa lugha ya alama, uandaaji wa maandishi ya nukta nundu, na usimamizi wa elimu maalumu halmashauri. Jijini Mbeya, shirika la Child Support Tanzania linaendesha shule jumuishi. Iringa kuna Neema Crafts, kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha kwa kuanza na vijana viziwi wachache. Leo watu wenye ulemavu wanafanya kazi za mikono na kuhudumia wageni mgahawani. Mzazi anayesema "nimsomeshe aje afanye nini?" apelekwe pale akajionee.

6. Mapendekezo

Mosi, kila mwalimu wa fani hii atengewe vipindi vya kutembelea shule jirani, na mwalimu mkuu aviandike kwenye ratiba. Pili, walimu wa eneo moja la utaalamu katika wilaya wakutane kila muhula kunoana. Tatu, mwalimu tarajali asihitimu hadi amefundisha kwa vitendo katika kitengo, msimu wa mvua au wa baridi.

7. Maswali ya majadiliano

a) Shuleni kwako, nani anajua idadi ya watoto wenye ulemavu waliobaki nyumbani?
b) Mtaalamu akiwa mmoja katika kata nzima, aanze na shule ipi, na kwa kigezo gani?
c) Wewe binafsi, ni ustadi upi unaoweza kuuonyesha leo mbele yetu, bila maelezo?