Sendwe mwenyewe alikuwa anfirmie
(Maneno yaliyosemwa mu mkutano wetu wa Mwadingusha)



Mgonjwa akizidiwa tunasema: "Tumupeleke ku Sendwe." Juzi kijana mumoja aliniuliza kama Sendwe ni mzungu aliyejenga ile hopitali ya Lubumbashi. Nilisikia haya.

Jason Sendwe alizaliwa mu 1917, Muluba wa huku kwetu Katanga. Kazi yake ilikuwa kutunza wagonjwa: anfirmie, kama mimi. Kisha akaongoza chama cha Balubakat, na mu Mei 1960 akachaguliwa mbunge wa inchi. Lumumba alimuchagua awe komiseri wa serikali mu Katanga, lakini Tshombe alijitenga tarehe 11 Julai, na Sendwe hakukalia ile kiti. Watu wakafukuzwa mu mavijiji. Mu 1961 maelfu walilala mu kambi ya ONU kule Elisabethville.

Mwaka ule ule alikuwa naibu wa waziri mkuu Adoula, Léopoldville. Angeweza kubakia kule, anakula vizuri. Lakini mu 1963, Katanga imerudishwa mu Kongo, alirudi kuongoza jimbo la Katanga Kaskazini. Sisi tunajua kurudi: unakuta kiwanja, amani haukute. Juni 1964, mu vita ya waasi, aliuawa Albertville, ndiyo Kalemie ya leo.

Sasa, kisanduku cha wagonjwa. Mwezi jana kilikuwa tupu. Mama mwenye mimba alisumbuka na tukaazima pesa ya pikipiki. Mama katibu, kipitishe.