Waraka wa Serikali ni Mali ya Raia

Hotuba iliyotolewa mjini Kisumu mbele ya viongozi wa makanisa na wapigania mageuzi



Tumealikwa tuzungumze juu ya nyaraka za serikali katika zama hizi za kompyuta na simu. Huenda baadhi yenu mnajiuliza kwa nini wanasheria waache masuala ya kura, ya njaa na ya vijana wanaouawa barabarani, waje kuzungumzia makaratasi. Tutajibu kwa kisa.

Mama mmoja mjane, muuza omena, alifika ofisini petu akiwa na bahasha ya plastiki. Ndani yake mlikuwamo hatimiliki ya shamba la marehemu mumewe. Ilikuwa imekaa sandukuni miaka mingi wala haikupotea hata siku moja. Hata hivyo, mtu asiyemjua alikuwa amefika shambani pamoja na wapima ardhi, mkononi akiwa na hatimiliki nyingine ya shamba lilo hilo. Tulipochunguza tulikuta tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Lilisema kwamba hatimiliki ya kwanza imepotea, na kwamba baada ya siku 60 mpya itatolewa iwapo hapana mtu atakayepinga. Marehemu alitajwa humo kana kwamba yu hai na ndiye aliyeomba. Siku 60 zikapita. Hapana aliyepinga.

Je, tangazo hilo lilifichwa? La. Lilipigwa chapa, na nakala yake ikawekwa kwenye mtandao, mahali ambapo kila mwenye simu ya kisasa na fedha za kununua data angeweza kulisoma. Lakini mama yetu ana simu ya kupiga na kupokea tu. Tangazo lilikuwa la Kiingereza. Na katika maisha yake yote hapakutokea mtu wa kumwambia kwamba liko gazeti litokalo Nairobi kila Ijumaa, ambalo laweza kumpokonya shamba naye yuko ufuoni akianika omena. Kesi yake ingali mahakamani. Sheria inaruhusu hatimiliki iliyopatikana kwa hila ifutwe, lakini njia ya mahakama ni ndefu, na siku 60 zilikuwa fupi mno.

Ndugu zetu, hilo ndilo jambo tulilokuja kulisema: kuchapishwa ni kitu kimoja, kumfikia mwananchi ni kitu kingine.

Sisi wa pwani hii ya Ziwa tunajua gharama ya waraka uliofichwa. Mwaka 1988, baada ya uchaguzi wa mlolongo, jarida la Beyond la Baraza la Makanisa lilipigwa marufuku kwa sababu lilieleza yale ambayo watu walikuwa wameyaona kwa macho yao. Mwaka 1990 Dakta Robert Ouko aliuawa. Tume ya uchunguzi ikaundwa, na Novemba 1991 Rais Moi akaivunja kabla haijamaliza kazi yake. Ripoti ya Tume ya Akiwumi kuhusu mapigano ya kikabila ilikabidhiwa mwaka 1999, nayo ikakaa kabatini hadi Oktoba 2002. Na habari za risasi zilizowaua watu mjini humu tarehe 25 Oktoba 1969, siku ya kufunguliwa kwa hospitali kuu, zilingoja hadi Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake mwaka 2013 ndipo zikaandikwa katika kitabu cha taifa.

Wengi wetu tulikuwa watoto wa shule wakati Askofu Henry Okullu aliponena waziwazi dhidi ya utawala wa chama kimoja. Kabla ya kuwa askofu wa hapa kwetu alikuwa mhariri wa magazeti ya kanisa, Target na Lengo. Mhariri anajua kwamba mtawala wa kiimla huanza kwa kuufungia ukweli ndani ya kabati, na magereza huja baadaye.

Kazi ya wazee hao haikupotea. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kinaiamuru serikali itangaze habari zote muhimu zinazoligusa taifa. Mwaka 2016 ikapitishwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari. Sheria hiyo iliziagiza ofisi za umma ziweke kumbukumbu zao katika kompyuta ndani ya miaka mitatu. Leo Gazeti Rasmi na sheria za nchi zaweza kusomwa bila malipo katika tovuti ya Kenya Law. Sisi wanasheria, ambao zamani tulipekua rafu zenye vumbi kutafuta tangazo moja, tungekuwa watovu wa shukrani tukikana faida hiyo.

Tena tumeona nguvu yake. Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru mikataba ya reli ya kisasa itolewe hadharani, mikataba iliyokuwa imefichwa tangu 2014, na Novemba mwaka huo sehemu yake ikatolewa. Mwaka 2024 vijana waliuchukua Mswada wa Fedha kutoka mtandaoni, wakauchambua, wakaufafanua kwa lugha nyingi za nchi hii, wakausambaza kwa simu. Tarehe 26 Juni, siku moja baada ya damu kumwagika nje ya Bunge, Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi. Taifa lilikuwa limesoma mswada wake.

Lakini ukuta mpya umejengwa mahali pa ule wa zamani. Ukienda katika ofisi ya umma kuomba bajeti au mpango wa maendeleo, karani hukujibu kwa upole kwamba iko kwenye tovuti. Unaifungua tovuti, nayo haifunguki. Ama inafunguka, na waraka ni picha za kurasa mia tatu zilizopigwa kombo, usizoweza kutafuta ndani yake jina la kijiji chako. Ama mkuu wa ofisi amebadilishwa, na kurasa za mtangulizi wake zimetoweka pamoja naye. Karatasi iliyochomwa huacha majivu. Ukurasa wa mtandao ukifutwa hauachi hata hayo. Na pale ukweli unapokosekana, uongo hupanda jukwaani: matangazo bandia yenye nembo ya serikali huzunguka katika simu zetu, na watu wakayaamini.

Serikali itasema kwamba kupiga chapa ni gharama. Ni kweli, nasi hatudai kila waraka upigwe chapa na kupelekwa kila kata. Itasema pia kwamba ziko siri halali. Hilo nalo ni kweli: sheria yenyewe inalinda usalama wa taifa na faragha ya mtu binafsi. Hoja yetu iko penginepo. Kifungu cha 5 cha Sheria ya 2016 kinataka habari zitolewe kwa kuzingatia gharama, lugha ya mahali, mahitaji ya watu wenye ulemavu, na njia ifaayo zaidi ya mawasiliano katika eneo husika. Kinataka pia mtu aweze kufika na kuukagua waraka bila malipo. Kwa hiyo ofisa anayemwambia mvuvi wa Dunga kwamba kipindi cha kufungwa uvuvi wa omena kimetangazwa mtandaoni, kisha akaondoka, hajamaliza wajibu wake.

Basi tufanye nini? Tunapendekeza mambo manne ambayo kila parokia na kila kikundi chaweza kuyaanza.

Kwanza, kila kanisa liwateue vijana wawili wa kusoma Gazeti Rasmi kila Ijumaa. Watafute majina ya kata na vijiji vyetu: hatimiliki zinazodaiwa kupotea, ambazo hupewa siku 60, maombi ya mirathi, ambayo hupewa siku 30, na ardhi inayotwaliwa kwa ajili ya miradi ya umma. Yahusuyo eneo letu yaandikwe kwa Kiswahili na Kidholuo, yabandikwe ubaoni, na yatangazwe baada ya ibada. Wataje nambari na tarehe ya kila tangazo, wasiongeze neno lao. Hii ni kazi ya kulinda mali ya jirani. Isigeuzwe kuwa umbea juu ya misiba yake.

Pili, tuombe habari kwa maandishi. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, na halitozwi ada. Utalipia gharama halisi ya nakala tu. Asiyejua kuandika ana haki ya kuandikiwa na ofisa mwenyewe. Jibu linapaswa kutolewa ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa maisha au uhuru wa mtu umo hatarini. Ukinyimwa, una siku 30 za kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman, ambayo ina ofisi hapa Kisumu. Daima ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Tatu, tuzidai maktaba. Katiba imezikabidhi maktaba kwa kaunti. Kila maktaba ya umma katika kaunti za Ziwa iwe na meza ya nyaraka za serikali, kompyuta isiyotozwa ada, na mtu wa kumsaidia mzee asiyeona vizuri.

Nne, tuhifadhi. Kila bajeti, kila mswada, kila ripoti ituhusuyo, tuipakue siku inapotolewa na kuiweka mahali zaidi ya pamoja. Atakayeifuta akute tunayo.

Tutamalizia kwa Maandiko. Katika kitabu cha Nehemia, watu waliporejea kutoka uhamishoni, Ezra aliileta torati uwanjani mbele ya lango la maji. Angeweza kuiweka hekaluni na kusema kwamba atakaye aje aisome. Badala yake alisimama juu ya mimbari ya mbao akaisoma tangu asubuhi hadi adhuhuri, mbele ya wanaume na wanawake, na Walawi wakawaeleza watu maana yake hata wakaelewa. Na walipoelewa, walilia.

Mama yetu wa omena naye alilia alipoelewa, lakini alikuwa amechelewa. Ijumaa hii Gazeti litatoka tena. Tunaomba kila mmoja wenu, kabla hajaondoka hapa, atuandikie jina la kijiji chake na la mtu atakayelisoma.