Gauni Limfuate Bibi Harusi

(Mazungumzo ya Kamati ya Sherehe na Misiba mbele ya wanachama na waalikwa, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu)



Tulipopewa nafasi hii, wengi mlitegemea tusome hesabu ya michango ya harusi na misiba tangu kikundi kilipoanza. Hesabu hizo Mama Mweka Hazina ameziandika vizuri, nazo zimo humu katika kijitabu chetu. Sisi tumeomba tuseme juu ya jambo moja ambalo halimo kwenye daftari lake, nalo ni gauni la harusi la binti mwenye mwili mkubwa.

Tunaona baadhi yenu mmeanza kucheka. (Kicheko) Hata sisi tulicheka hivyo hivyo, na ndiyo sababu tumesimama hapa.

Katika mwaka wa nne wa kikundi, mwenzetu mmoja aliposwa. Jina lake hatulitaji, ingawa yupo hapa ukumbini na ametupa ruhusa ya kusimulia. Ni mwanachama wa siku ya kwanza. Mtaji wake wa kukaanga chapati pale stendi ulitokana na mkopo wa kikundi, na hakuchelewesha rejesho hata mara moja. Harusi ilipangwa Desemba. Kamati tukaamua gauni likakodiwe Kariakoo, tukapanda basi la alfajiri kutoka hapa Morogoro, yeye na sisi watatu.

Duka la kwanza walimtazama tangu mlangoni wakasema saizi yake hawana. Duka la pili gauni lilipita kichwani likagota kifuani, tukafanya kazi ya kulivua huku mwenzetu amenyoosha mikono juu kama aliyekamatwa. Duka la tatu, ambalo hatutalitaja, liliingia hadi mwisho lakini zipu ikabaki wazi upana wa kiganja. Muuzaji akatugeukia sisi, wala si yeye, akasema: "Gauni halina tatizo. Mwambieni apunguze kidogo, bado ana wiki sita."

Jamani, sisi tulijibu nini? Hapo ndipo ilipo aibu yetu. Tulisema, "Ni kweli, mdogo wetu, jikaze." Tukalipa laki tatu na nusu za kukodi, na dhamana juu yake, kwa gauni lisilofunga.

Tuliporudi nyumbani kila mmoja akawa daktari. Huyu alimwambia anywe maji ya moto na ndimu, yule akamkataza ugali. Mmoja wetu, na yumo katika kamati hii, alimletea unga kwenye mfuko wa nailoni usio na maandishi yoyote, ati unakata mafuta. Kwenye kicheni pati tukaigiza mchezo wa bwana harusi akishindwa kumbeba mkewe. Watu walivunjika mbavu, na yeye akacheka pamoja nasi.

Siku kumi na moja kabla ya harusi alianguka pale stendi, kando ya karai la mafuta ya moto. Mungu alisaidia akaangukia upande wa benchi. Muuguzi alipomuuliza amekula nini, ikaonekana ni siku mbili hajala chakula cha maana. Jioni ile tulikwenda kumwona. Hakutugombeza. Alisema maneno machache tu: "Dada zangu, mliponikopesha mtaji mliniona nafaa. Kwenye gauni ndiyo sifai?"

Hatukuwa na jibu. Hadi leo hatuna.

Ndugu wanachama, baada ya hapo tulikaa kikao, tukajiuliza: hivi hili gauni linalotutesa limetoka wapi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya ndoa itolewe siku 21 kabla, na inataka mashahidi. Haisemi neno hata moja juu ya gauni. Huko Ulaya kwenyewe mabibi harusi wengi zamani walivaa gauni lao zuri kuliko mengine, la rangi yoyote. Nyeupe ilipata nguvu baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa tarehe 10 Februari 1840 akiwa amevaa satini nyeupe na lesi. Na Malkia yule hakwenda dukani kujaribu la mtu mwingine. Alipimwa, akashonewa.

Tena tukumbuke ya kwetu. Bibi zetu, huku Uluguruni na kule pwani, walimweka mwali ndani wakamlisha na kumsinga ili atoke amenawiri. Mwali aliyetoka amekonda ilikuwa aibu ya walezi wake. Leo sisi walezi tunamnyima mwali ugali. Wapi na wapi?

Hatusemi watu wasijali afya. Sukari na presha vipo, na vimetuondolea wenzetu. Mwenye kutaka kupunguza mwili aende kwa daktari, na afanye hivyo kwa ajili ya maisha yake, asifanye kwa ajili ya Jumamosi moja. Unga wa kwenye mfuko wa nailoni hauna nafasi katika kikundi hiki.

Basi tulifanya nini? Gauni la kukodi tulilirudisha, fedha nyingine zikapotea. Tukachukua mkopo wa dharura, tukanunua kitambaa, na fundi wetu wa kikundi akakaa kwenye cherehani siku tisa. Yale tuliyojifunza katika siku hizo tisa ndiyo tunayotaka mwondoke nayo leo.

Kwanza, anzeni na futikamba kabla ya duka. Mpimeni binti akiwa amevaa sidiria atakayovaa siku yenyewe, maana sidiria ikibadilika na kifua kinabadilika. Pimeni kifua, chini ya matiti, kiuno, tumbo pale linapojaa zaidi, nyonga, na mkono wa juu. Kisha mwambieni akae kitini mpime tumbo na nyonga tena, kwa sababu mwili hupanuka mtu anapokaa. Gauni lililopimwa kwa kusimama tu litambana mezani. Na vipimo hivyo visomwe kwa sauti ya chini. Si tangazo la mnada.

Pili, msiogope namba. Gauni la namba 18 la Uingereza ni namba 14 la Marekani, na mwili ni ule ule. Tena magauni ya harusi mara nyingi hukatwa madogo kuliko nguo za kawaida, kwa namba moja au mbili. Binti anayevaa 16 siku zote anaweza kuambiwa 20 dukani akadhani amenenepa usiku. Hakunenepa. Ni kibandiko tu, na fundi anaweza kukikata kwa mkasi.

Tatu, mtindo. Gauni linalobana juu kisha likafunguka taratibu kama mwavuli kuanzia kiunoni, au kuanzia chini ya matiti, humkaa vizuri mwenye tumbo na nyonga. Mishono mirefu inayoshuka kutoka begani hadi chini inafuata mwili vizuri kuliko mshono mmoja wa kukata kiunoni. Shingo ya kushuka kidogo humfungua mwenye kifua kizito. Lakini hayo ni mashauri, wala si amri. Akitaka gauni la nguva, la kubana mpaka magotini, ashonewe, mradi aweze kupanda ngazi ya kanisa. Atakayelivaa ni yeye.

Nne, uzito wa gauni. Wengi huning'iniza gauni lote kwenye mabega, au kwenye kifua kama halina mikono, ndiyo maana bibi harusi anashinda akilivuta juu. Fundi aweke mkanda imara ndani, kiunoni, unaofungwa kwanza kabla ya zipu. Mkanda ule ndio ubebe gauni. Mabega yapumzike.

Tano, mikono. Wenzetu wengi huficha mikono yao kwa mtandio siku nzima, na wanaofunga ndoa ya Kiislamu huhitaji mikono mirefu kwa vyovyote. Mkono usishonwe kwa kubahatisha. Upimwe pale ulipo mnene zaidi, uongezwe nafasi ya kukunja kiwiko, na kwapani kiwekwe kile kipande ambacho mafundi wa kanzu wanakiita kikwapa. Kipande kidogo kama kiganja, lakini ndicho kinachomwezesha bibi harusi kumkumbatia mama yake bila mshono kupasuka.

Sita, kitambaa. Satini ya kung'aa sana huonyesha kila mkunjo. Satini iliyofifia, krepu nzito, au lesi juu ya kitambaa kisichong'aa hutulia mwilini. Na kwa joto letu la Desemba, bitana iwe ya pamba. Chini avae taiti fupi ya pamba ili mapaja yasichubuke. Hakuna anayewaambia mabinti jambo hili, nao huona haya kuuliza, wakacheza usiku kucha na maumivu.

Saba, na hili ndilo kubwa: gauni la majaribio. Fundi wetu alikataa kukata satini mpaka alipokata kwanza kitambaa cha marekani, kile cha pamba kisichopaushwa, akakishona kwa kushikiza tu. Mwenzetu akakivaa. Pale palipobana akapafungua, palipopwaya akapabana, akachora kwa chaki. Marekani ni rahisi, ukikosea hulii. Kisha akakifumua, kikawa ramani ya gauni lenyewe.

Nane, akiba. Ndani ya mishono ya pembeni iachwe akiba ya kitambaa, sentimita tatu au nne kila upande. Nyuma, badala ya zipu peke yake, vitiwe vitanzi pande mbili na kamba ya satini ya kupitisha kama kamba ya kiatu, na kipande cha kitambaa chini yake kusitiri mgongo. Zipu ina sauti moja tu, ndiyo au hapana. Kamba inasikilizana na mtu. Hata lile gauni la kukodi lingeweza kufanyiwa hivyo, kama mwenye duka angeridhia nasi tungeuliza badala ya kumgeukia binti.

Mwisho, gauni lifanyiwe mtihani kabla ya siku yenyewe, likiwa na gaguro lake na viatu vyake, maana urefu wa kisigino ndio unaoamua pindo. Akae. Apige magoti. Anyanyue mikono. Ale sahani ya pilau akiwa nalo, kisha acheze. Na yote haya yaanze miezi mitatu kabla. Siku tisa zetu zilikuwa rehema ya Mungu na macho mekundu ya fundi. Msizifanye mfano.

Ndugu Mgeni Rasmi, siku ya harusi mwenzetu aliingia kanisani bila kulivuta gauni hata mara moja. Ukumbini alikula, tena akaongeza. (Makofi) Tulikuwa tumekaa meza ya nyuma, na tunakiri mbele yenu kwamba tuliona haya kuliko tulivyofurahi. Gauni lile lilikuwa limewezekana siku zote. Kilichokosekana ni sisi kumsimamia pale dukani.

Kutokana na hayo, kamati ilipeleka mapendekezo matatu, na mkutano mkuu ukayapitisha. Mkopo wa gauni utolewe mara tu mwanachama au binti yake anapochumbiwa, usisubiri wiki za mwisho. Anayemsindikiza bibi harusi dukani awe mtu wa kumsemea, na akiambiwa gauni halimfai bibi harusi, ajibu kwamba hilo gauni ndilo halifai. Na katika kicheni pati za kikundi hiki, mchezo wa kucheka mwili wa mtu umepigwa marufuku. Michezo mingine ipo mingi, tena mnaijua. (Kicheko)

Gauni lenyewe mwenzetu amelitoa kwa kikundi. Kwa ile akiba ya mishono na zile kamba za mgongoni, limeshawahudumia mabibi harusi wengine wawili, mmoja mwembamba kuliko yeye na mmoja mnene zaidi. Limetundikwa pale karibu na meza ya Mama Mweka Hazina. Mkitoka mlitazame, na mliguse kwa mikono safi.

Kwako wewe mdogo wetu, uliyekaa pale safu ya tatu: swali lako la jioni ile tumelibeba. Ulifaa kukopeshwa, ulifaa kwenye gauni, na ulifaa kuambiwa hivyo mapema. Tunakuomba radhi mbele ya watu hawa wote, kwa sababu tulikucheka mbele ya watu pia.

Kikundi chetu kidumu.