Upele Ukikauka, Nani Anaandika?

Tangazo la Jumanne lilisikika Kamina nzima, hapa jimboni Haut-Lomami, kuanzia soko kuu hadi njia panda ya reli. Aliyekuwa Waziri wa Afya wa Congo, Daktari Eteni Longondo, alisema surua imekwisha. Miezi 25 ya mlipuko, watoto zaidi ya 7,000 wamekufa kabla ya kutimiza miaka mitano, na sasa imekwisha. Siku hiyohiyo, tarehe 25 Agosti 2020, Afrika nayo ikaambiwa kwamba polio ya virusi vya asili imetoweka barani. Anayetaka kushangilia na ashangilie, ana haki yake.

Redio hii ina swali moja tu. Upele ukikauka, nani anaandika?

Mama yeyote wa Kamina, Kabongo au Bukama anaijua njia ya surua. Mtoto anashikwa na homa, macho yanakuwa mekundu, makamasi yanatiririka, kisha vipele vinaanzia usoni na kushuka mwilini. Siku zinapita, vipele vinakauka, ngozi inabambuka. Nkambo, bibi yake, anakoroga uji, majirani wanamshukuru Mungu. Wiki mbili baadaye mtoto yuleyule anaanza kukohoa, mbavu zinabonyea kila anapovuta pumzi, au anaharisha hadi macho yanadidimia. Akizikwa, watu husema kauawa na nimonia. Wengine husema kauawa na kuhara. Wengine, na hili ndilo linaloumiza zaidi, wananyooshea kidole mtu wa ukoo. Surua haimo tena midomoni mwa watu, maana ilikwishapona.

Haikupona. Virusi vya surua vinapopita katika mwili wa mtoto huzivamia chembe zilezile zinazokumbuka magonjwa aliyoyashinda zamani. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa. Baada ya surua, walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili zao za magonjwa mengine. Na hao ni watoto wanaoshiba. Wa kwetu anaanza upya kupigana na kila kikohozi na kila maji machafu, tena tumbo likiwa tupu. Kuna pia uvimbe wa ubongo, unaompata mtoto mmoja kati ya 1,000 hivi. Kuna jicho linaloingia ukungu mweupe pale vitamini A inapopungua. Na upo ugonjwa mwingine wa ubongo, wa nadra lakini usio na dawa ya kuuponya, unaojificha miaka saba hadi kumi kisha ukarudi kumchukua mtoto aliyekwisha kujua kusoma.

Kanuni za kimataifa huhesabu kifo kuwa cha surua kikitokea ndani ya siku 30 tangu upele uonekane. Mtoto wa siku ya 31 je? Yule wa miezi miwili je? Nani anaandika?

Mwaka 2020 dunia ilionyesha kwamba kuandika kunawezekana. Aprili mwaka huo, madaktari wa London walipokea watoto wanane katika siku kumi, wote wakiwa na homa kali isiyoshuka, wengi tumbo likiuma, mishipa ya damu imelegea na moyo unashindwa kusukuma damu. Mmoja, kijana wa miaka 14, alifariki. Sita kati ya wanane walikuwa wa asili ya Afrika na Karibi. Corona haikuwa imewalaza kwa kikohozi kama inavyowalaza wazee. Ilipita kimya, na wiki kadhaa baadaye kinga ya mwili wao wenyewe ikageuka moto unaounguza moyo, figo na matumbo. Tarehe 15 Mei, Shirika la Afya Duniani likatoa maelezo ya kuutambua ugonjwa huo kwa watoto na vijana hadi miaka 19: homa ya siku tatu au zaidi, dalili za uvimbe katika viungo mbalimbali, na ushahidi kwamba corona ilipita hapo.

Kwa nini walijua upesi hivyo? Wengi hudhani ni mashine. Jibu linapatikana Bergamo, kule Italia, mji uliosafirisha maiti zake kwa malori ya jeshi. Hospitali ya huko iliona watoto kumi wa namna hiyo kati ya tarehe 18 Februari na 20 Aprili. Watoto kumi katika mji ulioelemewa na maiti nani angewatazama? Ila madaktari walifungua kumbukumbu za miaka mitano iliyotangulia, wakakuta watoto 19 tu waliokuwa na dalili za kufanana na hizo. Kumi katika miezi miwili, 19 katika miaka mitano. Daftari ndilo lililopiga kelele.

Na kabla ya Bergamo kulikuwa na Tokyo. Januari 1961 Daktari Tomisaku Kawasaki alimpokea mtoto wa miaka minne mwenye homa, vipele na midomo mekundu, akamtibu na kumruhusu arudi nyumbani bila kujua alichougua. Hakufunga faili. Akaandika wa pili, wa tatu, wa kumi, na mwaka 1967 akachapisha habari za watoto 50. Ugonjwa huo leo unaitwa kwa jina lake, na ndio uliowasaidia madaktari wa Ulaya kuyaelewa waliyoyaona mwaka 2020. Mzee Kawasaki alifariki Juni 2020, akiwa na miaka 95.

Sasa turudi Haut-Lomami, maana kuna watakaosema hayo ni ya Wazungu na Wajapani, na sisi hatuna umeme wala barabara. Si kweli kwamba hatuwezi. Jimbo hili limekuwa likifanya kazi ya namna hiyo kwa polio.

Mwaka 2017 virusi vya polio vilivyotokana na chanjo vilizuka hapa kwetu na Maniema, vikiwapoozesha watoto katika vijiji ambako chanjo haikuwa imewafikia watoto wa kutosha. Virusi hivyo havimo katika furaha ya Jumanne ile, iliyohusu virusi vya asili tu, na msikilizaji asisahau hilo. Angalieni lakini kazi inavyokwenda. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 akilegea mguu au mkono ghafla, mhudumu anaandika. Anachukua choo mara mbili, kwa kupishana saa 24, anakiweka kwenye baridi, nacho kinasafiri hadi INRB, maabara ya taifa kule Kinshasa. Ipo pia kazi nyingine ambayo watu wengi hawaijui: siku ya 60, mhudumu anatakiwa amrudie mtoto yuleyule, amtazame kama mguu umerudi au umebaki umelegea.

Siku ya 60! Kwa mtumbwi wa mto Lualaba, kwa pikipiki, kwa miguu. Kama mtoto wa polio anarudiwa siku ya 60, mtoto wa surua amekosa nini?

Na Ebola? Kule mashariki iliua watu 2,287 kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Kila mmoja ni msiba, na hakuna hapa anayepima msiba kwa mizani. Ila waliopona Beni na Butembo waliandikwa majina, wakawekewa mpango wa kurudi kupimwa. Surua iliua zaidi ya mara tatu ya hao, karibu wote watoto wadogo, na aliyepona alipewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Nani aliandika? Nani anaandika?

Tarehe 23 Julai 2019, magavana walikutana Kinshasa na Rais Tshisekedi, wakatia saini ahadi ya kufufua chanjo na kuitokomeza polio. Saini ipo. Hapa Kamina saini hiyo inadaiwa chanjo ya miezi tisa isiyokatika ghalani, friji zinazobaki kati ya nyuzi 2 na 8 hata gari moshi likichelewa siku nne, vidonge vya vitamini A kwa kila mtoto aliyeugua surua, siku mbili mfululizo. Inadaiwa pia kitu cha bei ya chini kuliko vyote, daftari na kalamu.

Akina mama, msikubali kuambiwa imekwisha. Vipele vikikauka, hesabuni wiki. Mtoto akipumua haraka, akishikwa na degedege, jicho likibadilika rangi, homa ikirudi hata kama alikwisha kucheza uwanjani, mbebeni mgongoni mwende naye kituoni, na mseme wazi: huyu alikuwa na surua. Msiache neno hilo nyumbani. Akina baba, toeni nauli bila kungoja mkutano wa ukoo, na msimtafute mchawi pale ambapo surua ilipita. Wabunge wa jimbo, ulizeni idadi ya watoto waliorudi wagonjwa baada ya surua, na mkiambiwa haipo, msiondoke kitini.

Na ninyi wahudumu wa afya wa Kamina, Kaniama, Kabongo, Bukama na Malemba-Nkulu, mnaofanya kazi mishahara ikichelewa, mmekwisha kuonyesha kwamba siku ya 60 inafikika. Fungueni daftari la waliopona surua wiki hii. Anzeni na watoto wa mwaka 2019, mwandike kila mmoja yuko wapi.