Mkimbizi na Njia ya Sokoni

Bismillahi Rahmani Rahim.



Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), jambo linalowekwa mbele ya mkutano huu ni hali ya mkimbizi na ya mtu asiye na uraia katika mji wa Kampala, hasa kwa upande wa fedha: mahali pa kuweka akiba yake, njia ya kupeleka na kupokea fedha, na mlango wa kupata mtaji wa halali.

Kila Muislamu amesikia jinsi Muhajirina walivyofika Madina katika mwaka 622, na jinsi Mtume (S.A.W.) alivyowaunganisha kwa udugu na Ansari. Saad bin Rabii, aliyekuwa mtu wa mali katika Ansari, alijitolea kumgawia Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akataka jambo moja tu: aonyeshwe soko liko wapi. Akaonyeshwa, akaenda, na hakurudi mikono mitupu. Ukarimu wa Saad husifiwa daima, na wastahili kusifiwa. Lakini yafaa lizingatiwe pia ombi la mgeni. Alikuwa na akili ya biashara na nguvu ya kufanya kazi. Kilichompungukia ni njia. Lau soko lile lingalimkataa kwa sababu hakuzaliwa Madina, ukarimu wa Saad usingalimfaa kwa muda mrefu.

Mji wa Kampala nao una wageni wa namna hiyo. Kufikia mwaka 2023 wakimbizi katika Uganda walikuwa wamekwisha kuzidi milioni 1.5, na hakuna nchi nyingine ya Afrika iliyokuwa na wengi kuliko hao. Wengi wao wamo katika makazi ya mashambani kama Nakivale. Lakini maelfu kwa maelfu wamo mjini, Wasomali katika Kisenyi, Wakongo katika Katwe na Nsambya, na wengineo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 imewapa ruhusa ya kutembea, kufanya kazi na kufanya biashara. Wala ruhusa hiyo haikupotea bure. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Oxford uliotolewa mwaka 2014 ulikuta kwamba asilimia 21 ya wakimbizi wa Kampala walikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mmoja, na katika hao walioajiriwa asilimia 40 walikuwa raia wa Uganda. Basi mwenye kudhani kuwa mkimbizi huja kula tu, na aitazame hesabu hiyo.

Hata hivyo, kuruhusiwa kuuza si sawa na kuwa na pa kuweka kilichouzwa. Mtu akienda benki huulizwa kitambulisho, mahali anapokaa, na mara nyingi barua ya mwenyekiti wa mtaa. Raia hutoa kadi yake ya taifa, na maneno yamekwisha. Mkimbizi hutoa kadi ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na karani asiyeizoea huigeuzageuza, kisha humrudishia. Aliyekwisha kuomba hifadhi lakini hajajibiwa ana karatasi ya muda tu. Tena majina ya Kisomali na ya Kikongo huandikwa kwa namna mbili au tatu katika karatasi za mtu mmoja, na tofauti ya herufi moja yatosha kumfungia mlango. Akitaka mkopo huulizwa rehani ya kiwanja au nyumba, vitu alivyoviacha alikokimbia.

Palipo na mlango uliofungwa watu hutafuta dirisha. Wasomali wana ayuuto, na watu wa Pwani wana upatu: kila mmoja hutoa kiasi chake, na fungu zima humwendea mmoja kwa zamu. Ni desturi njema, iliyosimama juu ya uaminifu. Lakini upatu hauwezi kuwa mtaji wa duka la jumla, wala hautoi hati ya kumwonyesha mtu mwingine kwamba fulani ni mlipaji mwema.

Dirisha jingine lina hatari kubwa zaidi, nalo ni kuazima jina. Mkimbizi aliyeshindwa kuandikisha laini ya simu au hesabu ya benki kwa jina lake humwendea jirani aliye raia, na jirani humwandikishia kwa jina la jirani mwenyewe. Fedha ni za mmoja, jina ni la mwingine. Siku zote za uhai wao hapana neno. Lakini jirani akifariki, warithi wake huiona hesabu ile katika jina la marehemu, wakaigawa kama mirathi, pasi na kujua kwamba wanakula amana ya mtu mwingine. Na mwenye mali hana shahidi wala karatasi ya kupeleka kwa kadhi. Akiba ya miaka mingi hupotea hivyo, bila ya mwizi kuonekana.

Ikiwa hiyo ndiyo hali ya mkimbizi, hali ya mtu asiye na uraia ni nzito zaidi, kwa kuwa yeye hana hata nchi aliyoikimbia ya kumwandika jina. Wapemba wa pwani ya Kenya, wavuvi waliokaa huko kizazi baada ya kizazi, waliishi bila ya vitambulisho hata Serikali ilipowatambua mwaka 2023; kabla ya hapo, kufungua hesabu ya benki kwa jina lao wenyewe kulikuwa shida juu ya shida. Na Kampala yenyewe haina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1972 Waasia walipopewa siku 90 kuondoka, baadhi yao wakiwa Waislamu, wamo waliojikuta hawana nchi yoyote inayowatambua, wakapelekwa katika kambi za Ulaya, na maduka yao na akiba zao zikabaki nyuma. Baada ya vita vya mwaka 1979 ikawa zamu ya Wanubi na watu wa West Nile kukimbilia Sudan na Zaire. Zimo familia za Kiislamu katika mji huu ambazo ukimbizi kwao ni habari ya baba na babu.

Si haki kusema kwamba hapana lililofanywa. Mwezi wa Agosti 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda ilikubali barua ya Ofisi ya Waziri Mkuu inayowatambulisha wakimbizi itumike kuandikisha laini za simu, na kwa laini mtu hupata pia njia ya kuweka na kupeleka fedha. Mwaka 2020 UGAFODE ilifungua tawi lake ndani ya Nakivale. Na kwa Muislamu anayeogopa riba, sheria ilirekebishwa mwaka 2016 kuruhusu benki za Kiislamu, na mwaka 2023 Salaam Bank ikapata leseni ya kuwa ya kwanza. Ni neema kubwa. Lakini benki isiyo na riba, ikimtaka mkimbizi karatasi asiyoweza kuipata, kwake yeye bado haijafunguliwa.

Basi yako mambo manne ambayo Muislamu wa Kampala aweza kuyafanya pasi na kungoja Serikali. La kwanza, aliyeazimisha jina lake na aandike leo, mbele ya mashahidi wawili, kwamba fedha zile ni za fulani bin fulani, na kuwajulisha watu wa nyumbani mwake. La pili, mfanyabiashara anayemkopesha mkimbizi bidhaa na aandike deni na malipo yake, ampe na nakala. Kwani Qurani imeamrisha deni liandikwe, na daftari hilo baadaye laweza kuwa ushahidi wake mbele ya benki. La tatu, aliyeajiriwa katika benki au katika kibanda cha simu na ajifunze karatasi za wakimbizi zinazokubaliwa, asimrudishe mtu kwa kutojua kwake. La nne, jumuiya na itenge fungu la mkopo mwema usio na faida, dogo lakini la kuzunguka, na wazee wake wawe wadhamini wa wale wanaojulikana kwa uaminifu.

Kumpa mkimbizi chakula cha siku moja ni thawabu. Kumwonyesha soko na kumwachia njia ya kuhifadhi alichokichuma humwezesha naye kutoa zaka, na Abdurrahman bin Auf, aliyeanza na njia tu, baadaye alikuwa miongoni mwa watoaji wakubwa wa Madina.

Mwenyezi Mungu aijaalie jumuiya hii kuwa miongoni mwa wanaochunga amana. Wabillahi taufiq.