Hukumu ya Mahakama Haikati Udugu

(Maandishi ya mawaidha yaliyotolewa msikitini jijini Dar es Salaam baada ya Swala ya Alasiri)

Sifa zote njema zinamstahikia Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake, Maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu Waislamu, leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo ni nadra kutajwa katika mimbari zetu, nalo ni kumzuru ndugu aliye gerezani. Hatuzungumzii magereza ya nchi za mbali. Tunazungumzia Keko, Segerea na Ukonga, mahali ambapo daladala hupita kila siku na sisi tumo ndani yake. Katika safu hizi tulizoswali hivi punde wamo watu wenye mtoto, kaka, mume au mjomba huko. Wao wanajijua, lakini majirani zao hawajui, kwa sababu kila akiulizwa fulani yuko wapi siku hizi, jibu ni kwamba amesafiri.

Jambo hili tulilitambua vizuri kupitia madrasa. Mwanafunzi wetu mmoja, mtoto wa miaka kumi hivi, aliambiwa nyumbani kwamba baba yake amekwenda Mwanza kutafuta kazi. Siku moja watoto waligombana kwa ajili ya juzuu, na mwenzake akamwambia mbele ya darasa zima kwamba baba yake amefungwa. Mtoto yule hakurudi tena darasani. Tulipokwenda kwao tukamkuta mama yake. Akatueleza kwamba mumewe alihukumiwa miaka mitatu kwa kosa la wizi, na kwamba tangu ahukumiwe yeye ndiye aendaye kumwona, peke yake, kila siku ya kuzuru inapofika. Mumewe ana ndugu wanne wa tumbo moja. Hakuna hata mmoja aliyekwenda. Wawili kati yao walikuja nyumbani mara moja tu, wakaulizia hati ya kiwanja.

Waumini watukufu, tuirejee Suratu Yusuf, maana sote tunaisoma na wengi wetu tunaihifadhi. Nabii Yusuf (a.s.) aliingia gerezani pamoja na vijana wawili. Aliwafasiria ndoto zao baada ya kuwalingania Tauhidi, na yule aliyemdhania kuwa ataokoka akamwomba amtaje kwa bwana wake. Shetani akamsahaulisha, na Yusuf akabaki gerezani miaka kadhaa. Neno lililotumika katika aya ya 42 ni *bidh'a siniin*, na wanazuoni wa lugha husema neno *bidh'* huanzia tatu likaishia tisa.

Sasa tuzingatie jambo moja ambalo tunalipita haraka. Katika miaka yote hiyo, sura inatutajia mtu mmoja tu aliyerudi gerezani kuonana na Yusuf, naye ni yule yule aliyesahau. Kilichomrudisha ni nini? Mfalme alikuwa ameota ndoto iliyowashinda wakuu wake, na mtu yule akakumbuka kwamba gerezani yuko mjuzi wa kufasiri. Alikwenda kwa sababu ya haja yake. Hakwenda kumjulia hali mwenzake aliyekula naye chakula cha gerezani. Na Yusuf hakumlaumu, wala hakumwambia, "Umenisahau miaka yote hii, leo unanitaka nini?" Alimfasiria ndoto akaongeza na nasaha ya namna ya kuhifadhi nafaka.

Tukijipima kwa kisa hiki, wengi wetu tuko katika daraja ya yule kijana. Jamaa akiwa gerezani tunamsahau, mpaka itakapohitajika sahihi yake katika karatasi ya kiwanja, au ridhaa yake kama walii wa binti anayeolewa. Hapo ndipo njia ya kwenda gerezani tunaijua.

Wapo watakaosema kwamba Yusuf alikuwa hana hatia, wakati ndugu yao ameiba kweli, au amemjeruhi mtu kweli, na mahakama imethibitisha. Hili ndilo hasa linalotuzuia, basi tulijibu kwa dalili.

Imamu Bukhari na Imamu Muslim wamepokea kwamba Asmaa binti Abubakar (r.a.) alijiwa na mama yake naye bado ni mshirikina, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kama amuunge mama huyo, na Mtume akamwamuru amuunge. Kama ushirikina, ambao ndio dhambi kubwa kuliko zote, haukuondoa haki ya mama kuungwa na mwanawe, basi kwa dalili gani wizi wa baiskeli au wa fedha za duka utaondoa haki ya mtoto kwa baba yake? Na katika Swahihi ya Bukhari mna habari ya mtu aliyepigwa kwa sababu ya ulevi. Adhabu ilipokwisha, baadhi ya waliohudhuria wakamwapiza, na Mtume (s.a.w.) akawakataza wasimsaidie Shetani dhidi ya ndugu yao. Angalieni: adhabu imetekelezwa kamili, wala haikupunguzwa, na hapo hapo mtu yule ameitwa ndugu. Sisi tunafanya kinyume. Adhabu tunaiachia serikali, na udugu tunaufuta wenyewe.

Wengine, nao ni vijana wenye kupenda dalili, na tunawapenda kwa hilo, hutuuliza iko wapi Hadithi ya kumzuru mfungwa kama zilivyo Hadithi za kumzuru mgonjwa. Jibu ni kwamba Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) amri tatu katika Hadithi moja, nayo imo katika Bukhari: kumlisha mwenye njaa, kumzuru mgonjwa, na kumkomboa mateka. Na katika Suratul-Insaan aya ya 8, Allah anawasifu wanaomlisha maskini, yatima na *asiir*. Mujahid na Said bin Jubayr, nao ni katika wanafunzi wa Ibn Abbas, wamelifasiri neno hilo kuwa ni mtu aliyefungwa. Qatada naye amesema kwamba mateka wa siku zile walikuwa washirikina, na kwamba ndugu yako Mwislamu ana haki zaidi. Utamlishaje usiyemwendea?

Aidha tunacho kitendo cha Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Thumama bin Uthal, mkuu katika Bani Hanifa, aliletwa Madina akiwa mateka, akafungwa kwenye nguzo ya msikiti. Mtume akamwendea akamuuliza ana lipi la kusema. Siku ya pili akamwendea akamuuliza vile vile. Siku ya tatu akamwendea tena, kisha akaamuru afunguliwe. Thumama akaenda kwenye mitende iliyo karibu na msikiti, akaoga, akarudi akashahadia. Kiongozi wa dola mwenye kila shughuli alimwendea adui siku tatu mfululizo, kwa maneno machache tu. Hatukuona katika riwaya kwamba alimkalia kwa khutuba ndefu.

Wanazuoni wetu waliifahamu maana hii. Al-Qadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alipomwandikia Khalifa Harun ar-Rashid kitabu chake cha Kharaj, alitenga maneno kwa ajili ya wafungwa. Alichukizwa na hali ya wafungwa kutolewa nje katika minyororo wakiomba sadaka. Akashauri wapewe posho ya kila mwezi na nguo za baridi na za joto, na kwamba afaye gerezani bila jamaa aoshwe, akafiniwe na kuswaliwa kwa gharama ya Baitul-Mali. Na Ibn Taymiyya alipofungwa mara ya mwisho katika ngome ya Damascus, ambamo alifia mwaka 728 Hijria, nduguye Zaynuddin alikaa naye mle ndani akimhudumia kwa idhini ya Sultani, na walikuwa wakisoma Qur'an pamoja. Huyu hakwenda kuzuru dakika kumi akaondoka. Tunasoma vitabu vya Ibn Taymiyya tukinukuu fatwa zake, na nduguye huyu hatumtaji.

Tuje kwenye hali halisi. Aliyewahi kwenda anajua ilivyo. Unafika asubuhi, unakaa kwenye foleni, unaandikishwa, simu inabaki mlangoni. Zamu yako ikifika, dakika zenyewe ni chache, na pembeni yako wapo wengine wanaozungumza na watu wao kwa sauti ya juu ili wasikike. Unaweza kutoka ukajiona hukusema ulilolikusudia. Kila gereza lina siku zake na masharti yake, na mahabusu ambaye kesi yake haijakwisha ana utaratibu tofauti na mfungwa aliyekwisha hukumiwa, basi ulizeni kwanza kabla ya kwenda. Msiingize kitu kwa siri, wala msitoe rushwa ili mpite mbele ya wenzenu. Ibada haianzi kwa haramu.

Na ukifika mbele yake, usimhoji kesi yake. Amekwisha hojiwa na polisi, na wakili wa serikali, na hakimu. Mwanzie kwa salamu, mpe habari za watoto, nani amehitimu juzuu gani, nani ameota jino. Mambo haya madogo ndiyo anayokwenda nayo selo akayarudia usiku. Tumwige Nabii Yusuf katika aya ya 100 ya sura yake, siku ilipojumuika familia yake. Alitaja neema ya Allah kumtoa gerezani, na hakulitaja shimo alilotupwa. Wafasiri wamesema alifanya hivyo asije akawatahayarisha ndugu zake. Ikiwa aliyedhulumiwa alichunga uso wa waliomdhulumu, sisi tunaotembelea tuna udhuru gani wa kutaja yaliyopita?

Hata hivyo kuchunga hisia zake si ruhusa ya kumficha mambo ambayo ni haki yake kuyajua. Mama yake akifariki, aambiwe. Tunasikia familia zinazoficha msiba mpaka mtu atoke, wakidai wanamwonea huruma. Amenyimwa kumwombea dua mama yake katika siku zile, na mara nyingi mirathi imekwisha kugawanywa bila ya yeye. Hapa lazima tuseme wazi. Mfungwa si maiti. Wala si *mafquud*, yaani mtu aliyepotea asijulikane aliko, ambaye hukumu yake katika mirathi mafakihi wameijadili kwa urefu. Mfungwa anajulikana aliko, na fungu lake ni lake kamili. Kinachomzuilia mtu kurithi ni mambo yanayojulikana, kama kumuua anayemrithi, na kifungo si katika hayo. Anayekula fungu la nduguye kwa kuwa yuko nyuma ya ukuta amekula mali ya watu kwa batili. Ama haki za mke wa mfungwa, suala hilo ni pana na madhehebu yamekhitalifiana. Tutalitengea siku yake, inshaallah.

Lakini kuhusu wanawake hawa liko neno moja ambalo haliwezi kungoja. Mfungwa aliyehukumiwa hapa anaweza kuhamishiwa Mbeya, Mwanza au Tabora. Anayepanda basi usiku kucha kumfuata ni nani? Ni mama yake mzee au mkewe, na mara nyingi hana mahram, kwa sababu wanaume wa ukoo wameona aibu kuonekana kwenye geti la gereza. Kisha wanaume hao hao ndio wa kwanza kusema kwamba mwanamke haifai asafiri peke yake. Maneno yao ni sahihi. Basi wasafiri wao.

Kuna jambo jingine ambalo familia nyingi hazilijui. Kwa sheria ya magereza ya Tanzania Bara, ya mwaka 1967, mfungwa mwenye mwenendo mzuri kwa kawaida hupata msamaha wa theluthi moja ya kifungo. Aliyehukumiwa miaka mitatu huenda akatoka baada ya miwili. Asiyekwenda kumzuru huihesabu miaka mitatu kwenye kalenda ya ukutani, na mtu wake anatoka, anakuta geti tupu, hana nauli. Wa kwanza kumpokea huwa ni wale aliojuana nao mle ndani, na tukimwona anarudi kulekule tunasema tulijua hatabadilika.

Wako pia waliohukumiwa faini au kifungo, na wamo ndani kwa sababu tu faini haikulipwa. Wako mahabusu ambao mahakama imekwisha wafungulia dhamana, na hakuna aliyejitokeza kuwadhamini. Kwa hawa, kuzuru peke yake hakutoshi. Kwenda kuwaona na kurudi na maneno ya pole wakati tunaweza kuchanga ni upungufu. Msikiti unaochangisha mazulia mapya unaweza kumlipia mtu faini. Mwenye kudhamini naye ajue anachokitia sahihi, asije akadhamini kwa haya kisha akaacha kufuatilia.

Tumezungumza na wazee wa kamati, na imekubaliwa kwamba wenye nafasi watatu au wanne waandamane kila mwezi, kwanza kwa wale wa jamaa zetu walio Segerea na Keko, kisha Ukonga. Nauli za akina mama wasio na uwezo zitatoka katika mfuko wa sadaka. Mwenye gari anayeweza kulitoa asubuhi moja kwa mwezi atujulishe. Wenye watu wao huko ambao hawapendi kujulikana, waje kwetu nyumbani baada ya Swala ya Isha. Tunachohitaji ni jina la mfungwa na gereza alilopo tu, na hatutaliandika katika daftari la msikiti.

Wabillahi tawfiiq.