Kupumua Kambove: utulivu, furaha na vumbi

Mhadhara wa umma



Naanza na ombi. Wekeni vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, mpaka msikie mshipa unapiga. Sasa vuteni pumzi kwa pua, polepole, kisha itoeni polepole zaidi. Wengi mtasikia mapigo yakiharakisha kidogo hewa inapoingia na kulegea inapotoka. Kwa vijana tofauti hiyo ni kubwa. Kwa sisi wenye mvi imepungua, lakini haijatutoka kabisa.

Kinacholegeza moyo hapo ni neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo, ikapita shingoni na kushuka hadi moyoni, mapafuni na tumboni. Moyo hauagizwi kwa mdomo. Ini nalo halisikii, wala figo. Kati ya kazi zote ambazo mwili unazifanya wenyewe usiku na mchana, kupumua ndiko tunakoweza kukushika kwa hiari yetu, na tukikushika, moyo unafuata. Watu wa India waliligundua hilo zamani sana, pasipo maabara.

Siku hizi sanaa hii inauzwa mijini kama bidhaa mpya: tafakuri, mazoezi ya pumzi, programu za simu. Sina ugomvi na wauzaji. Ninalotaka kulitetea jioni hii ni kwamba watu wa Kambove, mji wetu wa migodi, wanayo sanaa hii tayari, midomoni mwao, na kwamba wanachokosa ni hewa inayostahili kuvutwa. Anayewafundisha lile la kwanza bila kulitaja la pili anawadanganya.

Tuanze na rozari. Mwaka 2001 daktari wa Kiitalia, Luciano Bernardi, pamoja na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza utafiti walioufanya kwa watu 23 wenye afya. Waliwapima wakipumua kawaida, wakizungumza, wakisali rozari kwa Kilatini, na wakirudia mantra ya Kibudha. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Waliposali rozari, pumzi zilishuka hadi kama sita kwa dakika. Walipokariri mantra, ikawa hivyo hivyo: sita.

Hakuna aliyewaambia wapumue polepole. Sala ndiyo iliyowapanga. Kiongozi anasema nusu ya kwanza ya Salamu Maria, wengine wanajibu nusu ya pili, na mzunguko mzima unachukua takribani sekunde kumi. Ukitamka nusu yako unatoa hewa yote taratibu, kwa sababu hakuna nafasi ya kuvuta katikati. Mwenzako akipokea, wewe unajaza mapafu. Sekunde kumi hizo zinalingana na wimbi la shinikizo la damu ambalo mwili wa binadamu unalo kwa asili. Mawimbi mawili yakienda pamoja, kila moja linalikuza jingine, na vile vihisio vya kwenye mishipa vinavyolinda shinikizo la damu vinafanya kazi vizuri zaidi. Bernardi na wenzake walidokeza hata njia ambayo huenda shanga zenyewe zilipitia: kutoka kwa watawa wa Tibet na mabingwa wa yoga wa India hadi kwa Waarabu, kisha kwa askari wa vita vya msalaba hadi Ulaya. Basi ndugu yangu Mwislamu mwenye tasbihi yake na bibi yangu Mkatoliki mwenye rozari yake wanashika kamba moja.

Sasa sikilizeni rozari zetu zinavyosaliwa wakati mwingine. Mbio! Kiongozi hajamaliza, waitikiaji wamekwisha ingia. Makumi matano yanakimbizwa kwa sababu bukari iko mezani. Mungu atahukumu sala yenyewe, hiyo si kazi ya mwalimu wa fiziolojia. Faida ya pumzi, hata hivyo, imepotea yote. Nusu kwa nusu, kila upande ukiusubiri mwingine unyamaze kwanza: hilo tu.

Kwaya nayo ni shule ya pumzi, na Katanga ina historia yake humo. Reli ilifika Kambove mwaka 1913, ikifuata shaba. Miaka mitatu kabla ya hapo Wabenedikto wa abasia ya Sint-Andries, karibu na Bruges huko Ubelgiji, walikuwa wamekabidhiwa misheni ya Katanga chini ya Jean-Félix de Hemptinne, aliyeiongoza hadi kifo chake mwaka 1958. Alikuwa mtetezi mkali wa utawala wa kikoloni, na mengi aliyoyasema juu ya babu zetu nisingependa kuyarudia mbele ya watoto. Lakini watawa hao walileta uimbaji wa Kigregori, ambamo mstari mrefu unaimbwa kwa pumzi moja iliyotunzwa. Katika mazingira hayo ya Élisabethville alifanya kazi Joseph Kiwele, mtunzi wa Missa Katanga. Kule Kamina, Mfransisko Guido Haazen alikusanya watoto na walimu walioimba Missa Luba na kuipeleka Ulaya mwaka 1958. Mtoto aliyeshikilia noti hadi mwisho wa mstari hakujua kwamba anaizoeza vagasi yake. Huko Gothenburg, Uswidi, Björn Vickhoff na wenzake walipima mioyo ya vijana wakiimba pamoja, wakaeleza mwaka 2013 kwamba mapigo yao yaliharakisha na kulegea kwa pamoja, yakifuata mistari ya wimbo. Muulizeni mwanakwaya yeyote wa hapa kwa nini haachi mazoezi ya jioni hata siku aliyorudi hoi kutoka kazini.

Kuna pumzi nyingine ninayoiheshimu: ile ya kushusha. Mtu ameketi kimya, mara anavuta hewa, anaongeza kidogo juu yake, halafu anaiachia yote kwa mkupuo mrefu. Wazee wanasema ana mawazo. Kwa kweli sote tunafanya hivyo mara kadhaa kila saa bila kujua, kwa maana vifuko vidogo vya mapafu huelekea kunywea na pumzi hiyo ndiyo inayovifungua tena. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2023 matokeo ya watu walioifanya kwa makusudi dakika tano kila siku kwa mwezi mmoja: hisia zao njema ziliongezeka kuliko za wale walioketi tu kutazama pumzi zao. Ni dakika tano, hazihitaji mkeka wala mwalimu wa kulipwa.

Kinyume chake nacho kipo. Ukipumua haraka na kwa nguvu kwa muda mrefu, unafukuza hewa ya kaboni kupita kiasi. Vidole vinafa ganzi, midomo inawasha, kichwa kinaelea. Katika mikesha mingine nimeona vijana wakifika hapo wakadhani ni ama Roho ama pepo. Sitaingia kwa mchungaji wa mtu. Nasema tu: anayeona kizunguzungu, aketi, afunge mdomo, apumue kwa pua.

Je, haya yanatosha kumtuliza mtu wa Kambove? Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walikusanya majaribio 47 ya tafakuri, yenye washiriki 3,515, wakaona kwamba inapunguza wasiwasi, huzuni na maumivu kwa kiasi kidogo hadi cha wastani. Neno la wastani nalipenda. Ni la kiungwana. Kwa sababu wasiwasi wa hapa una majina na tarehe. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, wengi wakidai mishahara ya miezi na miezi, waliondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Hiari yenye mlango mmoja. Ndani ya kampu zetu kuna nyumba ambazo tangu wakati ule baba ameketi uani akihesabu kile ambacho hakikulipwa. Ukimwambia avute pumzi, atakuuliza: halafu?

Na kuna waliolala kwenye stesheni ya Likasi mwaka 1992 na 1993, familia za Kasai zilizofukuzwa Katanga, zikisubiri treni wiki baada ya wiki huku zikizika watoto wao. Kuna waliobaki hapa na kumbukumbu ya kile walichokitazama, au walichokitenda. Kwa mtu wa namna hiyo, kumwambia afumbe macho na kukaa kimya kunaweza kumrudisha mle mle. Aache macho wazi, miguu ikanyage chini, aimbe na wenzake. Kimya si dawa ya kila mtu, na mwalimu asiyejua hivyo asipewe kikundi.

Ndiyo maana kwa upande wa furaha simfuati mwalimu wa yoga, namfuata mama wa Jamaa, ule ushirika wa wanandoa Wakatoliki. Wengi mnaijua. Placide Tempels, Mfransisko wa Kibelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933 na kuandika kitabu juu ya falsafa ya Kibantu, alianza kukutana na wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière na wake zao huko Musonoi, Kolwezi, kwenye miaka ya hamsini. Mafundisho yao yalizungukia uzima, uzazi na mapendo, na yalienea upesi hadi mitaa ya wachimbaji wa Likasi. Hapakuwa na somo la kupumua. Watu walikaa, bwana na bibi, wakaambiana mawazo yao bila kuharakishwa. Kanisa baadaye liliwatilia shaka, na yako mambo ambayo walistahili kuulizwa. Lakini waliona jambo ambalo maabara huwa zinalikosa zinapompima mtu mmoja mmoja akiwa amefungwa nyaya: utulivu unaweza kuupata peke yako, furaha ni vigumu.

Sasa nije kwenye vumbi, ambalo ndilo lililonileta.

Pua ni chujio zuri. Vinyweleo na ute vinakamata chembe kubwa. Lakini milimita moja ukiigawa mara elfu, ukachukua vipande vitano au chini ya hapo, una chembe inayopita pua, inapita koo, inafika kwenye vifuko vya mwisho. Ikiwa ni ya silika, inayotoka kwenye mwamba wa kwatzi uliotobolewa au kusagwa, inajeruhi pale na kuacha makovu. Ugonjwa huo wa makovu hauna tiba, na unakifungulia njia kifua kikuu. Kobalti nayo ina madhara yake juu ya mapafu.

Na hapa ndipo ushauri wa vitabu vya utulivu unapogeuka. Pumzi fupi inaingia na kutoka kabla chembe nyingi hazijatua. Pumzi ndefu, ya kina, ya polepole, ile ile niliyoisifu nusu saa nzima, inazipeleka chembe mbali zaidi na kuzipa muda wa kutua. Kwa hiyo anayefanya zoezi la pumzi kando ya barabara mwezi wa nane, malori ya madini yakipita, anajidhuru kwa bidii kuliko asiyefanya kitu. Ndani ya shimo ni vibaya zaidi. Sheria inamkataza mchimbaji wa mikono kupita kina cha mita 30. Kule chini hewa ikipungua, hakuna tafakuri inayochukua nafasi ya mashine ya kupuliza hewa. Anayesikia kichwa kizito apande juu.

Fanyeni basi baada ya mvua, au alfajiri kabla malori hayajaanza, au ndani ya kanisa lililodekiwa kwa maji. Kufagia kukavu ni kurudisha vumbi puani. Mchimbaji aoge kwanza, nguo za kazi zibaki nje, ndipo ashike rozari. Kwaya zenye mazoezi uwanjani ziingie ndani wakati wa kiangazi.

Yaliyobaki hayamo mikononi mwa mwenye kupumua. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha vumbi laini kabisa kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Naomba kipimo kiwekwe Kambove, mahali ambapo mtoto wa shule anaweza kukisoma. Naomba kila kampuni ambayo malori yake yanapita kwenye nyumba za watu imwagilie barabara kila siku ya kiangazi, asubuhi na mchana, na ifunike mizigo. Naomba posta za afya zimuulize kila mwenye kikohozi cha muda mrefu kazi anayofanya, kabla ya kumpa dawa.

Muda wangu umekwisha, na maswali yaanze. La kwanza namwachia mama aliyeinua mkono tangu nilipoitaja rozari. Naona hakubaliani nami juu ya mwendo.